Jina la Namba Tatu

Tulimzika Deogratias juzi, na kama kawaida ya Sumbawanga upepo haukujali msiba wa mtu. Turubai lilipepea na kugonga nguzo tangu asubuhi, na akina mama waliokuwa wakipika uani walisimamisha mabati kuzunguka mafiga ili moto usizimike. Mimi ni mkwe wa nyumba ile, kwa hiyo nilikaa pembeni, karibu na rundo la kuni, mahali anapokaa mkwe. Viti vya plastiki vilipangwa safu, na macho yangu yana ugonjwa wa zamani usiotibika: nikiona watu wamekaa safu, natafuta mwanya uko wapi. Ulikuwa upande wa kushoto, kwenye kiti cha mtu aliyetoka kupokea simu. Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wakinong'ona. "Mshikaji, huyu mzee alikuwa beki hatari," alisema mmoja. Mwenzake akamkata: "Siyo yeye, ni kocha. Walikuwa na kocha wa ulinzi kutoka Tanga, ndiye alikuwa mpango mzima." Nilikasirika kiasi kwamba niliokota kijiti cha kuni nikakivunjavunja vipande, nisije nikageuka na kugombana na watoto wa watu msibani. Kocha Shomari simnyimi haki yake. Lakini ukuta wa mwaka ule ulilipiwa na mtu mwingine, na mtu huyo ndiye tuliyekuwa tumemlaza sebuleni. Jina lake naliandika hapa bila shida kwa sababu kalamu haina mkwe. Kwa mdomo, tangu siku mshenga wangu alipopeleka posa kwake, nimelitamka mara moja tu.

Kabla Shomari hajaja, tulicheza kama walivyocheza waliotutangulia: kila beki na mtu wake. Ukipewa winga wa kumkaba, unamfuata hata akienda kununua karanga. Deo alikuwa namba tatu, beki wa kushoto, mtu wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mapaja kama vinu, na hakuna winga katika mkoa mzima aliyefurahi kukutana naye. Mimi nilikuwa namba tano, katikati, kijana mwenye sauti kubwa na akili ya wastani. Halafu viongozi wakatuletea kocha msaidizi ambaye kazi yake ilikuwa mabeki tu, jambo ambalo mji haukuwahi kulisikia. Watu wa sokoni wakambatiza Kocha wa Nusu Timu. Alishuka kwenye basi mwezi wa sita, baridi ikiwa imeiva, akiwa na shati la mikono mifupi, na kesho yake akaja mazoezini amevaa sweta mbili na kofia ya kufuma aliyoazimwa na mama mwenye nyumba wake. Alituangalia tukikaba mtu kwa mtu mpaka mwisho wa mazoezi. Kisha akasema kwa ile sauti yake laini ya pwani, "Ndugu zangu, nyinyi si mabeki. Nyinyi ni walinzi wa watu binafsi. Mimi nataka ukuta."

Siku iliyofuata alikuja na kamba ya katani. Alitufunga viunoni, mabeki wanne, kutoka namba mbili, beki wa kulia, hadi namba tatu wa kushoto, tukiwa tumeachana hatua chache, akatuamuru tutembee: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Mwanzoni tulianguka kama mbuzi wa mnada. Watoto waliokuwa wakipita na madumu ya maji walikaa chini wakacheka. Lakini baada ya wiki kadhaa kitu kilianza kutokea, na hata sasa nikikikumbuka mwili unasisimka. Nilikuwa nikipiga hatua mbele, naisikia kamba ikimvuta Deo, na Deo anakuja; yeye akirudi, mimi narudi. Mshambuliaji aliyezoea kukaa kivivu nyuma yetu akisubiri pasi ndefu alijikuta amebaki peke yake na kipa, kibendera juu, ameotea. Shomari alikuwa akirukaruka pembeni kwa furaha na kwa baridi, akiuliza kila tukisimama, "Mmenyooka?" Alisema kamba itaondoka, na mahali pake pataingia sauti. Namba tano, aliye katikati na anayeona wote, ndiye ataita. Ataita jina la aliyebaki nyuma, kisha atasema "panda," na ukuta wote utapanda. Nilifanya hivyo kwa raha zangu zote. "Deo, panda! Deo, tulia! Deo, unangoja nini huko!" Alikuwa mkubwa kwangu, lakini uwanjani tulikuwa majina tu.

Shida ilikuwa Yasinta. Alikuwa binti wa kaka yake Deo wa kijiji cha Msanzi, lakini alilelewa na Deo hapa mjini, na mimi nilikuwa nimempenda kabla sijajua ni wa nyumba gani. Mshenga alipeleka posa katikati ya msimu, kwa sababu moyo haufuati ratiba ya ligi. Ikapokelewa. Kwetu baba mdogo ni baba, tena aliyekulea ndiye baba zaidi, na tangu jioni ile Deo akawa mkwe wangu. Mkwe hatajwi jina. Mkwe hapigiwi kelele. Ukimkuta unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unasubiri akuitikie. Mkwe huli naye chungu kimoja. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha haya, niliyakuta tu mwilini, kama mtu anavyojikuta anajua njia ya kwao gizani. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula siku ile, na hofu haikunijia mpaka nilipovaa viatu vya mpira.

Baada ya mazoezi timu ilikula chumba cha nyuma kwa Mama Skola, mjane mwenye hoteli ndogo karibu na stendi. Kilikuwa chumba chenye dirisha moja la mbao, kalenda ya parokia ukutani, na mikeka miwili ambayo ilinuka samaki haijalishi imeanikwa mara ngapi. Sinia moja la ugali wa ulezi lilikaa katikati, mweusi unaong'aa, na migebuka mikavu kutoka Wampembe iliyorostiwa kwa nyanya, na sote tulizamisha mikono humo humo tukigombania kichwa cha samaki. Siku ya kwanza baada ya posa, nilisimama mlangoni nikaona Deo ameshakaa kwenye sinia. Nikachukua bakuli langu nikaenda kukaa nje kwenye benchi, nimegeukia ukuta. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilisikia Shomari akimuuliza Mama Skola jikoni, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mama, hawa wawili wamegombania nini?" Na Mama Skola, huku akikoroga: "Hawajagombana, baba. Wameoana." Nilisikia mwiko ukianguka na kicheko chake, kisha akamweleza. Masanja, kipa wetu, kijana wa wafugaji wa Kisukuma, alikuwa mlangoni akaongezea lake: "Hata kwetu mkwe anaogopwa, mwalimu. Ila huyu wa kwao anaogopwa mpaka akiwa na jezi."

Uwanjani kamba ilikuwa imeshaondolewa. Jumamosi ile tulicheza na timu dhaifu, na mpira ulipochongwa juu nilimwona Deo amebaki nyuma hatua mbili na mshambuliaji wao yuko kati yetu. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nilimwangalia kama mtu anayemwangalia ng'ombe akiingia shambani kwa jirani, nikashindwa hata kusema "wee." Wakafunga. Kipindi cha pili wakafunga tena kwa mlango ule ule. Shomari alijaribu kumpa namba nne kazi ya kuita, lakini alikuwa mbali na Deo na upepo ulikuwa unaimeza sauti yake. Masanja naye alikuwa nyuma mno kuona mstari. Baada ya mechi kocha alinivuta pembeni. Alikuwa amekasirika, lakini mtu wa pwani akikasirika anazidi kuwa na adabu. "Bwana Remi, mila zako naziheshimu, hata sisi tunazo. Lakini mwaka huu nimepewa kazi moja tu, na kazi hiyo iko mdomoni mwako. Kama mdomo umefungwa, nitatafuta mwingine." Nilikwenda kumweleza Yasinta nikitegemea huruma. Alikuwa anachambua maharage uani. Hakuinua uso. "Baba wa Msanzi si mtu wa mchezo," alisema. "Ukimtaja Baba wa hapa jina mbele za watu, ataagiza posa irudi. Na mimi sitabishana naye, Remi. Nitalia, lakini sitabishana."

Kilichotuokoa kilitokea chenyewe. Mazoezini Deo alibaki nyuma tena, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikapiga makofi mawili, yale yale ambayo mkwe hupiga mlangoni kwa mkwewe badala ya kuita hodi kwa jina. Deo aligeuza shingo papo hapo, akaniona nimeshapanda, akapanda. Shomari alipuliza filimbi mpaka ikakwama. "Rudia!" Nikarudia. Tangu siku hiyo ukuta wetu ukawa na lugha yake: kofi moja tulia, mawili panda. Wenzetu walitutania sana, wakisema mkoa mzima timu zinafungwa, sisi tunasalimiana. Lakini mechi zilikwenda na mabao hayakuingia. Nilikuwa naenda kula benchini kwangu nimegeukia ukuta, nasikia Deo ndani akicheka na wenzake kwa kicheko chake cha kukoroma, na nilijua kuwa naipata ligi na mke kwa mikono hiyo hiyo miwili. Sijawahi kuwa na raha ya namna ile tena, na huwa nashuku raha yoyote inayokuja bila kudaiwa chochote.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, dhidi ya timu ya Chala. Atakayeshinda angewakilisha mkoa. Watu walikuja kwa malori, na mstari wa mbele kabisa, kwenye viti vilivyotolewa kanisani, alikaa kaka yake Deo wa Msanzi na wazee wenzake wawili, wamevaa makoti, fimbo kati ya magoti. Yasinta alisimama nyuma yao. Filimbi ikalia, na mpira wa kwanza mrefu ulipokuja nilisikia makofi mawili ambayo si yangu. Deo akapanda peke yake, na winga wa Chala akapita mahali alipokuwa. Masanja aliokoa kwa goti. Niligeuka nikaona mashabiki wa Chala pembeni ya uwanja, safu nzima, wanapiga makofi na kucheka. Walikuwa wamekuja kututazama mechi zilizopita. Kofi moja, mawili, matatu, wakivuruga wanavyotaka. Deo akawa anapanda na kusita, anapanda na kusita, na mimi nikawa napiga makofi mpaka viganja vikawaka bila faida. Hata hivyo mshambuliaji wetu akatufungia bao moja kabla ya mapumziko, la bahati, la mgongo.

Mapumzikoni tulikaa chini kivulini mwa lori tukinyonya machungwa. Shomari alivua kofia, kitu ambacho hakuwahi kufanya kwenye upepo wa kwetu. "Makofi yamekwisha," alisema. "Waliobaki na midomo waitumie." Hakuniangalia. Deo alikuwa anafunga kamba za viatu ambazo zilishafungwa. Nilitamani aseme neno, hata moja, hata kikohozi. Angeweza kusema niite tu. Leo najua kwa nini hakusema: ruhusa ile haikuwa yake kutoa, na kuomba haikuwa yangu. Wazee walikuwa wamekaa pale pale, fimbo pale pale.

Kipindi cha pili nilikimbia kazi ya watu wawili. Kila Deo aliposita nilikwenda kuziba upande wake, na katikati nikaacha shimo. Miguu ilianza kukataa. Zikiwa zimebaki dakika chache, Chala wakachukua mpira katikati ya uwanja, na nikaona jambo zima kabla halijatokea, kama mtu anavyoona sufuria likiteleza mezani. Mpigaji alikuwa anainua kichwa. Mshambuliaji wao alikuwa nyuma yangu. Namba mbili na namba nne walikuwa wamepanda. Na Deo alikuwa nyuma, kichwa chini, haamini tena kofi la mtu yeyote. Akibaki pale, ni bao. Nilimwona Yasinta. Sitadanganya kwamba nilipima. Jina lilitoka kabla sijamaliza kuogopa.

"Deo! Panda!"

Alipanda. Alipanda kama vile hakuna siku iliyopita tangu kamba ya katani, hatua mbili kubwa, na mpira ukapita juu ya vichwa vyetu, mshambuliaji akaukimbilia, akaujaza wavuni, na kibendera kilikuwa kimeshasimama. Uwanja ulilipuka. Mimi nilikuwa nimegeukia viti vya kanisa. Mzee wa Msanzi alisimama taratibu, akakung'uta koti, akaondoka, na wenzake nyuma yake. Yasinta alibaki dakika moja ameshika mgongo wa kiti kitupu, halafu akawafuata. Filimbi ya mwisho ililia na watu wakanibeba juu. Nilikuwa juu ya mabega ya watu nikilia, na wao wakadhani ni furaha.

Kwa Mama Skola jioni ile waliimba mpaka kalenda ikaanguka. Deo hakuja. Nafasi yake kwenye sinia ilikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza tangu posa ningeweza kukaa ndani, lakini nilichukua bakuli langu nikaenda kwenye benchi langu. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Mama Skola akinipitia, kisha akaniongezea kipande cha samaki.

Niliitwa nyumbani kwa Deo siku iliyofuata, baada ya misa. Waliniweka chumba cha mbele, kwenye mkeka, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Kati yangu na wazee kulikuwa na pazia la maua tu, na nadhani walitaka nisikie. "Amekutaja mbele ya mkoa," sauti ya mzee wa Msanzi ilisema. "Kama anayemfukuza mbuzi." Deo alijibu, "Amenitaja uwanjani." "Leo uwanjani, kesho sokoni, keshokutwa kwenye kaburi langu. Posa irudi." Nilisikia kijiko kikigusa kikombe, na upande wa uani mtu aliyekuwa akitwanga akaacha kutwanga. Nilijua ni nani. Kisha Deo akasema, polepole, kama anayepima mbao: "Kaka, kosa lina mahali pake. Mahali hapo ni uwanja; nikiwepo, atanitaja tena, maana ndiyo kazi yake. Basi mimi uwanjani sitakuwepo. Atozwe beberu na jembe, na mtoto aolewe." Mzee akamuuliza kama amesikia alichosema mwenyewe, timu inakwenda kuwakilisha mkoa. "Timu ina mabeki," alisema Deo. "Yasinta ana mchumba mmoja." Mchi ukaanza tena uani, haraka haraka, bila mpangilio.

Deo alipotoka nyuma ya pazia nilikuwa nimechuchumaa napiga makofi, na macho yangu yamejaa. Alipita, akaitikia salamu yangu kwa adabu yote, akatoka kwenda kulisha kuku. Shomari alikuja kesho yake kumsihi, na nilimsikia hadi barabarani. "Mwaka mzima nimejenga ukuta, Bwana Deo, na wewe unachomoa tofali kwa ajili ya jina?" Deo alimkaribisha chai. Tulikwenda kuwakilisha mkoa tukiwa na namba tatu mwingine, kijana mzuri, mwepesi, niliyemwita jina lake kutwa nzima bila shida yoyote, na tukafungwa vibaya. Shomari aliondoka mwisho wa mwaka na sweta zake. Stendi alinikumbatia akasema kwamba amefundisha mabeki maisha yake yote na hajawahi kuona mtu akizuia bao kwa kuacha kucheza mpira, kama Bwana Deo. Deo hakugusa tena mpira, hata ule wa wajukuu wangu ulipomgonga mguuni alisubiri waufuate.

Hayo ndiyo ningewaambia wale vijana wa msibani kama mkwe angeruhusiwa kugombana. Nikavunja kijiti tu. Deo alipougua, familia ilitoa kitanda chumbani ikakiweka sebuleni, ili sisi wakwe, tusioingia chumbani kwake, tuweze kumwona. Mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti karibu naye. Yasinta alikuwa jikoni akikoroga uji wa ulezi. Kwa siku mbili walikuwa wanambembeleza akae apate kunywa, na alikuwa anageuza uso. Mapaja yale yalikuwa yamekwisha kabisa chini ya blanketi.

"Remi," alisema. "Siku ile uliniitaje?"

"Nilisema panda, Baba."

"Kabla ya panda."

Nikatazama mlango wa jikoni.

"Ninaitwa Baba, ninaitwa Mzee, ninaitwa Babu. Hospitali wananiita mgonjwa. Hebu niite tena, nisikie."

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilitaka. Tulikuwa peke yetu, wazee wa Msanzi wote wameshatangulia, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Ulimi ulikaa pale pale ulipokaa ile Jumamosi ya kwanza. Basi nikateremka kwenye kiti, nikachuchumaa kando ya kitanda, nikapiga makofi mawili.

Kisha akacheka kile kicheko chake cha kukoroma mpaka kikageuka kikohozi, akaweka viganja kwenye godoro, akaanza kujisukuma juu, kidogo, akapumzika, kidogo tena. Nilinyoosha mkono kumsaidia akaukataa. Mimi nilisimama nikarudi kwenye kiti changu, na yeye akaendelea kupanda mpaka kichwa chake kikawa sawa na changu, mgongo ukutani, jasho usoni.

"Tumenyooka?" aliuliza.

"Tumenyooka, Baba."

Yasinta akaingia na uji, akamkuta amekaa.